Jirani Anapopinga Ujenzi: Baina ya Kuondoa Madhara na Kuzuia Haki

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, baada ya darsa moja la mwezi wa Shaabani alinijia kijana wa kwetu ambaye kwa miaka mingi sasa anaishi Marekani, katika jimbo la New Jersey. Alikuja kuwaona wazee wake, na alikuwa na mas-ala yaliyomkaa moyoni. Amenunua kiwanja chembamba, upana wake futi 50, katika mtaa ambao kanuni ya mji inataka kiwanja cha nyumba kisipungue futi 75. Hana nia ya kujenga duka wala karakana. Anataka nyumba ya kuishi yeye na mkewe na watoto. Akaomba ruhusa maalumu ya kujenga juu ya upungufu ule. Siku ya kusikilizwa majirani wakafika na wakili wao wakapinga. Mmoja wao alikuwa tayari kukinunua kile kiwanja ili kisijengwe kabisa. Na katika waliopinga alikuwamo Mwislamu mwenzake, wanayesali safu moja kila Ijumaa.

Akaniuliza, "Sheikh, hawa wamenidhulumu? Na huyu ndugu yangu wa safuni, nimchukulieje?"

Sikumjibu pale pale. Kadhi hahukumu kwa kusikia upande mmoja, na mimi si kadhi wake. Lakini mas-ala yenyewe ni makongwe, na yana historia ndefu kwao na kwetu. Nimeona niyaandike ili yawafae maimamu wetu, kwani hakuna imamu asiyeletewa ugomvi wa ukuta, dirisha au mpaka.

Kanuni za kugawa mji zilivyoanza Marekani

Kabla ya karne ya 20, mtu katika miji ya Marekani alijenga apendavyo, na jirani aliyedhurika alikwenda mahakamani kudai kero. Miji ilipojaa viwanda na majengo marefu, watu wakaona kuwa kungoja madhara yatokee ndipo washitakiane ni kuchelewa. Mwaka 1908 Los Angeles ikatenga maeneo makubwa ya makazi na kuzuia humo aina fulani za biashara. Mwaka 1915 likakamilika katika jiji la New York jengo la Equitable, lenye ghorofa 38, lililopanda wima kutoka barabarani na kuwatia majirani zake kivulini. Mwaka uliofuata, 1916, New York ikapitisha kanuni ya jiji zima iliyogawa maeneo ya makazi na ya biashara na kuweka mipaka ya urefu wa majengo. Mwaka huo huo Berkeley, katika jimbo la California, ikaweka eneo la nyumba za familia moja peke yake.

Mas-ala yakafika Mahakama Kuu ya nchi. Kijiji cha Euclid, kando ya Cleveland katika jimbo la Ohio, kilikuwa kimegawa ardhi yake mwaka 1922. Kampuni ya Ambler ilikuwa na ekari 68 pale, ikitumaini kuziuza kwa wenye viwanda kwa dola 10,000 hivi kila ekari. Ikadai kuwa ikilazimishwa kuziacha kwa makazi hazitafika zaidi ya dola 2,500. Mwezi wa Novemba 1926 mahakama ikaamua kuwa mji una mamlaka ya kugawa maeneo kwa maslahi ya umma. Jaji Sutherland aliyeandika hukumu akaeleza kuwa jambo laweza kuwa jema mahali pake na likawa kero mahali pasipo pake. Lakini hakuishia kwenye viwanda. Akaingiza na majengo ya kupangisha, akayafananisha na kimelea kinachonyonya uzuri wa mtaa wa nyumba za familia moja.

Zingatia hapa, ndugu msomaji. Kanuni iliyoanza kwa kuzuia moshi na kivuli ikapiga hatua, ikaanza kuzuia aina ya makazi, na nyuma ya aina ya makazi pana aina ya watu. Jaji Westenhaver wa mahakama ya chini, aliyeisikiliza kesi hiyo mwaka 1924, alikwisha kuonya kuwa matokeo yake yatakuwa kuwagawa watu kwa kadiri ya mapato yao.

Ruhusa maalumu na mlango wa majirani

Walioweka kanuni walijua kuwa hakuna kanuni inayoenea kila hali. Kipande kimoja ni chembamba, kingine kina mwinuko, kingine kilipimwa miaka mingi kabla ya kanuni kuwapo. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 Wizara ya Biashara ya Marekani, chini ya Herbert Hoover ambaye baadaye alikuwa rais, ilipotoa mfano wa sheria kwa majimbo yote, iliweka ndani yake baraza la watu watano wa mji. Kazi ya baraza hilo ni kusikiliza maombi ya watu wanaobanwa na kanuni kwa namna isiyokusudiwa, na kuwapa ruhusa maalumu pale inapostahiki.

Mwanafunzi wa fiqhi ataelewa haraka: kanuni ni mfano wa azima, na ruhusa ile ni mfano wa rukhsa. Na kama ilivyo katika rukhsa zetu, haitolewi kwa matamanio. Lazima iwepo dhiki ya kweli, itokane na hali ya kiwanja chenyewe, na mtu asiwe ameitengeneza kwa mkono wake. Katika kesi ya Otto na Steinhilber ya mwaka 1939, Mahakama ya Rufaa ya New York ilitaja mambo matatu kwa mtu anayetaka kubadili matumizi ya ardhi: kuwa ardhi haiwezi kumletea faida ya maana kwa matumizi yanayoruhusiwa, kuwa dhiki yake ni yake peke yake, si ya mtaa mzima, na kuwa ruhusa haitageuza sura ya mtaa.

Kwa upungufu wa vipimo, kama upana wa kiwanja au umbali wa ukuta kutoka mpakani, sheria ya jimbo hilo tangu mwaka 1992 imelitaka baraza lipime manufaa ya mwombaji dhidi ya madhara ya mtaa. Hutazamwa mambo matano: Je, mtaa utaharibika? Je, pana njia nyingine ya kufikia haja yake? Je, upungufu ni mkubwa? Je, mazingira yatadhurika? Na je, dhiki amejiletea mwenyewe?

Hapo ndipo majirani wanapoingia. New Jersey, kwa mfano, mwombaji hulazimika kuwapelekea taarifa wenye mali wote walio ndani ya futi 200 kutoka kiwanja chake. Wao huja barazani, husema, huleta wataalamu wao, na wakishindwa wanaweza kwenda mahakamani. Mahakama kwa kawaida haiweki rai yake mahali pa rai ya baraza. Hutazama tu kama baraza lilifuata sheria na lilikuwa na hoja za kusimamia.

Lakini si kila anayechukia ana haki ya kushitaki. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa ya New York ilikataa shauri la mwenye biashara ya kuosha magari aliyempinga mwenzake asifungue biashara kama yake jirani. Mahakama ilikubali kuwa aliye karibu hudhaniwa kuwa ameguswa. Lakini mtu ambaye dhara lake ni kupungukiwa na wateja hana la kudai katika mlango huu, kwani kanuni hizi hazikuwekwa kumkinga mtu na mshindani wake.

Mlango huo huo ulivyotumiwa kwa dhulma

Historia ya kweli haifichi aibu. Mwaka 1910 mji wa Baltimore ulipitisha kanuni iliyogawa mitaa kwa rangi za watu, na miji mingine ikafuata. Mwaka 1917, katika kesi ya Buchanan na Warley iliyotoka Louisville, Mahakama Kuu ilibatilisha kanuni za namna hiyo. Watu wakahamia kwenye mikataba ya binafsi ya majirani, wakiapishana kutomuuzia mtu mweusi. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley na Kraemer, mahakama ikasema kuwa dola haiwezi kutumika kuitekeleza mikataba hiyo. Pamoja na hayo, vipimo vikabaki. Ukidai kila nyumba iwe juu ya kiwanja kikubwa, umemzuia maskini bila ya kulitaja jina lake. Ndiyo maana mwaka 1975 Mahakama Kuu ya New Jersey, katika kesi ya Mount Laurel, iliamua kuwa mji unaokua hauwezi kutumia kanuni za ardhi kuwafungia nje watu wa kipato kidogo na cha wastani.

Na Waislamu wameionja shubiri hiyo. Katika mji wa Starkville, jimbo la Mississippi, Waislamu, wengi wao wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu, waliomba ruhusa maalumu ya kutumia nyumba katika eneo la makazi kwa ajili ya sala. Majirani walilalamika, na mji ukakataa, hali makanisa yalikuwa yakikubaliwa. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa Waislamu haki yao. Mwaka 2000 ikapitishwa sheria ya nchi nzima inayokataza miji kuzitumia kanuni za ardhi kuzibana nyumba za ibada.

Zaidi ya hayo, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Boston, Einstein, Glick na Palmer, walichunguza kumbukumbu za mikutano ya namna hii katika jimbo la Massachusetts na kutoa kitabu mwaka 2019. Waligundua kuwa wanaofika na kusema wengi wao ni watu wazima zaidi, wenye nyumba zao, waliokaa muda mrefu, na kwamba wengi mno miongoni mwao hupinga ujenzi mpya. Ambaye bado hajapata nyumba mtaani pale hayupo mkutanoni kujisemea. Kwa sababu ya hali hii baadhi ya miji na majimbo yamelegeza kanuni: mji wa Minneapolis kwa mpango uliopitishwa mwaka 2018, Oregon mwaka 2019, na California mwaka 2021. Huko Minneapolis wakazi waliupinga mpango huo mahakamani kwa hoja ya mazingira, mpaka bunge la jimbo likaingilia kati mwaka 2024.

Hata hivyo si insafu kusema kuwa kila mpingaji ni dhalimu. Mwaka 2002 taasisi ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ya nchi hiyo iliitaja bomoabomoa ya nyumba za zamani katika mitaa ya kihistoria kuwa miongoni mwa hatari kubwa za mwaka ule. Watu walikuwa wakinunua nyumba ndogo, wakizivunja na kusimamisha majumba yaliyojaza kiwanja mpaka ukutani. Jirani wa jumba kama hilo ana la kusema.

Mas-ala haya katika zama za Mtume (s.a.w.) na Makhalifa

Sasa turejee kwetu. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nisaa aya ya 36, imemuusia Muumini juu ya jirani wa karibu na jirani wa mbali, mahali pamoja na kumwabudu Allah na kuwatendea wema wazazi. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa Jibril (a.s.) aliendelea kumuusia juu ya jirani hata akadhani kuwa atamrithisha.

Msingi wa mlango huu ni ile hadithi mashuhuri ya kukataza dharar na dhirar, yaani kudhuru na kudhuriana, aliyoitia Imamu Nawawi katika Arubaini zake, nambari 32. Lakini wengi huisoma upande mmoja. Jirani anayejenga anaweza kudhuru, na jirani anayezuia naye anaweza kudhuru. Dalili ni hadithi nyingine ya Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) amemkataza jirani kumzuia jirani yake kuchomeka boriti katika ukuta wake. Abu Huraira alipoona watu wanaipa mgongo hadithi hii aliwakemea kwa ukali. Imamu Ahmad, na Imamu Shafi katika qauli yake ya kale, wameichukua kuwa ni wajibu. Imamu Malik, na Imamu Shafi katika qauli mpya, wameichukua kuwa ni jambo la kupendekezwa.

Ulipoasisiwa mji wa Kufa mwaka 17 Hijria (638 M), Tabari amesimulia kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliagiza njia kuu ziwe za dhiraa 40, nyingine 30 na 20, na vichochoro dhiraa 7. Akaagiza pia mtu asizidishe vyumba vitatu, wala watu wasishindane kwa urefu wa majengo. Hivyo kuupangia mji vipimo kwa maslahi ya wote si bidaa ya Wamarekani. Ni katika mamlaka ya kiongozi madamu yamefungamana na maslahi.

Na huko Fustat, Misri, Kharija bin Hudhafa alipojenga chumba cha juu, habari zikamfikia Umar, akamwandikia Amr bin al-As (r.a.) kwa kuchelea siri za majirani kuchunguliwa. Katika Mudawwana ya Sahnun (aliyefariki mwaka 240 H) imepokewa kuwa Umar aliweka kipimo kuhusu dirisha: kiwekwe kitanda, asimame mtu juu yake, akiweza kuona ndani kwa jirani, azuiwe, na asipoweza, aachwe. Tazama uadilifu huo. Hakusema kila dirisha livunjwe, wala hakusema kila mtu ni huru. Alitaka dhara lithibitike kwa kipimo.

Na Umar huyu huyu ndiye aliyemhukumu Muhammad bin Maslama alipomzuia Dhahhak bin Khalifa kupitisha mfereji wa maji katika ardhi yake. Kwa mujibu wa Muwatta, Umar alimuuliza kwa nini anamzuia ndugu yake jambo lenye manufaa kwa wote wawili na lisilomdhuru. Alipokataa, akaapa kuwa mfereji utapita tu. Aliyefunga dirisha la anayechungulia ndiye aliyefungua mfereji wa anayezuiwa bure.

Fuqahaa walivyopambanua

Katika madhehebu ya Malik, mas-ala ya majengo yalikua hata yakawa fani. Tunis alikuwako fundi mwashi aitwaye Muhammad bin Ibrahim al-Lakhmi, maarufu Ibn al-Rami, aliyefariki mwaka 734 H (1334 M). Yeye alikuwa akitumwa na kadhi kwenda kukagua kuta, mifereji na madirisha yanayogombaniwa, kisha akaandika kitabu al-I'lan bi Ahkam al-Bunyan. Ndani yake zimo hukumu za moshi, harufu, mtikisiko na kuchunguliwa. Kwa rai mashuhuri ya Ibn al-Qasim kutoka kwa Malik, mtu hazuiwi kuinua jengo lake hata likimpunguzia jirani jua na upepo. Lakini akifungua dirisha la kumchungulia jirani, huzuiwa.

Katika madhehebu ya Hanafi, asili ni kuwa mwenye mali yuko huru katika mali yake. Kisha waliokuja nyuma wakazuia, kwa njia ya istihsani, dhara lililo kubwa na la wazi. Rai hiyo ndiyo iliyoingia katika Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyotungwa baina ya 1869 na 1876. Kifungu cha 1199 kinaeleza kuwa dhara kubwa ni lile linalodhoofisha jengo au linalozuia haja ya msingi, kama makazi. Kifungu cha 1201 kinatoa nje ya mlango huo kukosa mandhari, na kupungukiwa na upepo au jua, isipokuwa mwanga ukizibwa kabisa. Kifungu cha 1202 kinahesabu kuonekana mahali pa wanawake wa nyumba, kama jikoni na uani, kuwa ni dhara kubwa. Na kifungu cha 1207 kinasema kuwa aliyejenga nyumba mpya kando ya karakana ya mhunzi iliyokuwapo kabla yake hana haki ya kumfungisha mhunzi.

Ama sisi watu wa pwani, tuliokulia juu ya madhehebu ya Shafi, katika Minhaj ya Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H) mlango wa Ihyaul-Mawat, qauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mtu anaweza hata kugeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi ikawa hamamu au zizi, akichukua tahadhari na kuziimarisha kuta. Lakini katika mlango wa Sulhu, njia inayopitwa na watu wote haichomozwi kitu cha kuwadhuru wapitao, na uchochoro usiotokeza haufanywi jambo ila kwa ridhaa ya wenye uchochoro. Hivyo mwenye mali ana nafasi pana ndani ya mpaka wake, na nafasi hiyo hufinyika anapougusa mpaka wa mwenzake.

Ukikusanya yote haya utaona tofauti moja kubwa. Wao wametanguliza kinga: wamechora ramani kwanza, kisha anayetaka kutoka nje ya ramani aombe. Fuqahaa wetu wametanguliza uhuru: mtu ajenge, kisha anayedai dhara alete ushahidi. Kila njia ina hatari yake. Ya kwanza humpa jirani silaha hata kama hana dhara; ya pili huenda ikachelewesha haki mpaka ukuta umekwisha simama.

Kiwanja chembamba na mtende wa Samura

Nilipokuwa nikiyafuatilia haya nilikuta hukumu iliyonistaajabisha. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya New Jersey ilitoa hukumu katika kesi ya Chirichello, iliyotoka mji mdogo wa Monmouth Beach, juu ya kiwanja kilichopungua vipimo kama cha kijana wetu. Kwa muhtasari ni hivi: ikiwa jirani yuko tayari kukinunua kiwanja kwa bei ya haki, na mwenye kiwanja akakataa, baraza laweza kuhesabu kuwa dhiki anayoidai si dhiki tena. Lakini bei ya haki si bei ya kipande kisichofaa kitu. Ni bei ya kiwanja kana kwamba ruhusa ya kujenga imekwisha kutolewa. Jirani anayetaka uwazi alipie uwazi. Asiupate bure kwa kumfilisi mwenzake.

Nikakumbuka hadithi aliyoipokea Abu Dawud, ambayo wanazuoni wana maneno katika sanadi yake, juu ya Samura bin Jundub (r.a.). Alikuwa na mitende katika bustani ya Ansari mmoja, na kila akiingia kuiangalia huwataabisha watu wa nyumba. Mtume (s.a.w.) alimtaka auze, akakataa. Akamtaka abadilishane, akakataa. Akamtaka atoe kwa kupata malipo kwa Allah, akakataa. Hapo Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na akamruhusu Ansari aing'oe. Zingatia utaratibu: haki ya Samura haikung'olewa mwanzo. Alipewa kwanza bei, kisha badala, kisha thawabu. Alipoziziba njia zote tatu ndipo kushikilia kwake kulipogeuka dhara.

Na katika Bukhari imo habari ya Abu Rafii (r.a.), aliyekuwa na vyumba viwili katika ua wa Saad bin Abi Waqqas. Alikwisha kuahidiwa na mtu mwingine bei kubwa zaidi, lakini akamuuzia Saad kwa bei ndogo, kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akitaja haki ya jirani. Hiyo ni ihsani. Mahakama huishia kwenye uadilifu, na Muumini hutakiwa kuangalia ngazi iliyo juu yake.

Mizani kwa anayejenga na anayepinga

Kutokana na maelezo haya tunaweza kutoa mambo manne.

Kwanza, kupinga si dhulma kwa dhati yake. Mwenye kuogopa maji ya mvua kuelekezwa kwake, au ukuta wake kutikisika, au uani kwake kuchunguliwa, ana haki ya kusimama na kusema, na aseme kwa ushahidi.

Pili, kuchukia si dhara. Kupungukiwa na mandhari, au kuzoea uwazi ambao si mali yako, hakumzuii mwenzako kujenga. Na kumchukia mtu kwa rangi, kabila au umaskini wake kisha ukalificha jambo hilo nyuma ya futi na inchi ni khiyana, na Allah (s.w.) anazijua nia.

Tatu, anayejenga asijifanye mwenye dhiki hali dhiki ameinunua kwa macho mawili. Anayeishi katika nchi ameingia katika ahadi ya kufuata kanuni zake zisizomlazimisha kumuasi Allah. Kuomba ruhusa kwa njia yake ni katika kutimiza ahadi.

Nne, sulhu kabla ya baraza. Waarabu husema mtafute jirani kabla ya nyumba. Basi na aliyekwisha kununua, amtafute jirani kabla ya fundi.

Kabla kijana hajasafiri nilimwita. Nikamuuliza, je, kabla ya kupeleka maombi yako ulibisha hodi kwa hao majirani? Akasema hapana, walipata barua tu. Nikamuuliza tena, madirisha ya juu ya nyumba yako yanaelekea wapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema yanaelekea uani kwa yule ndugu yetu Mwislamu.

Nikamwambia: basi nenda kwake kabla ya kikao kingine, umpe salamu, umwonyeshe ramani, na uyageuze madirisha hayo, kwani hilo ni dhara hata kama mji haukulitaja. Akiendelea kupinga baada ya hapo bila ya sababu, mzigo umehamia kwake. Na yule anayetaka kununua, mtake bei ya kiwanja kinachojengeka. Akiitoa, una hiari ya kuchukua na kutafuta pengine, na pengine hiyo ni kheri yako. Akitaka kukipata kwa bei ya kichaka, umwambie kwa upole kuwa hata mahakama ya jimbo lake haikuridhia hivyo.

Baada ya wiki kadhaa alinipigia simu. Baraza lilikuwa bado halijaamua. Lakini madirisha yamegeuzwa, na Ijumaa iliyopita, baada ya sala, yule ndugu ndiye aliyemtangulia kwa salamu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie majirani wema na atufanye sisi kuwa majirani wema, na atuepushe na kudhuru na kudhuriwa. Amin. Wallahu a'alam, wabillahi tawfiq.